Z ya Anko Haikuwa Orijino, na Pengine Hata Yako Sio

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwadanganya, na sikuwa najua.

Wale mmekuwa hapa tangu mwanzo mnaikumbuka ile Datsun 240Z ya rangi ya machungwa nilikuwa napiga picha kwa anko wangu, Lavington. Nilisema mara ngapi sijui: gari ya mwaka 1972, anko ameikaa nayo tangu 1983, kila kitu orijino mpaka injini. Nikaenda mbali zaidi. Nikaandika kwamba mtu akitoa injini ya zamani kwa gari ya michezo akaweka mpya, huyo ni mwizi wa historia. Watu wakapenda. Mimi mwenyewe nikapenda vile nimeandika.

Halafu Februari tukiwa Waiyaki Way, tumetoka Westlands tunapanda kuelekea Kangemi, injini ikaanza kugonga. Si kelele ya vali, hiyo hata mimi naijua. Ilikuwa ni kama mtu amejifungia ndani na nyundo. Anko hakungoja. Alizima hapo hapo, akaiacha gari itambae mpaka kando ya barabara, akakaa kimya na mikono kwa usukani. Ana miaka 71. Sijawahi kumwona akikaa hivyo.

"Imenoki," akasema.

Bredauni ikatupeleka kwa fundi Kangemi, mzee fulani ambaye ameshika Datsun tangu kabla mathe wangu hajaolewa. Akafungua boneti, akatoa kitambaa, akasugua mafuta pembeni ya bloku chini kidogo ya hedi, pale namba ya injini imegongwa. Akasugua tena. Akaniangalia mimi, si anko.

"Kijana, wewe ndiye huwa unasema kwa simu hii ni L24?"

Nikasema ndio.

"Soma."

Ilikuwa imeandikwa L28.

Kama hujui haya mambo, wacha nikueleze haraka. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24: silinda sita kwa mstari mmoja, sisi 2,393, karabureta mbili. Hiyo "240" kwa jina ndiyo hiyo 2.4. L28 ni ndugu yake mdogo aliyekuja mwaka 1975, sisi 2,753. Bloku zinafanana kwa nje hadi maunti zinaingia bila kubadilisha kitu, na giaboksi inashika. Ukitoa hedi na karabureta za zamani ukazipandisha kwa bloku mpya, mtu kama mimi mwenye simu na mdomo hawezi kujua kitu. Gari ya 1972 haiwezi kuwa ilizaliwa na injini ya 1975. Kwa hivyo kuna mtu aliibadilisha, na huyo mtu alikuwa amesimama nyuma yangu akijifanya anaangalia kuku wa jirani.

"Anko?"

"Kwani ulidhani spea zilikuwa zinatoka mbinguni?"

Akatuambia pale pale, tumekaa juu ya matairi. Mwaka 1991 injini ya kwanza ilipasuka bloku. Alitafuta L24 Nairobi nzima akakosa. Kuagiza kutoka nje miaka hiyo haikuwa kufungua simu na kubonyeza: ulihitaji leseni ya kuingiza bidhaa na ruhusa ya kupata dola, na mwalimu wa sekondari hakuwa na njia ya kupata zote mbili kwa sababu ya gari ya kujivunia. Lakini Nissan Patrol za wakati huo zilikuja na L28, na Patrol iliyogongana na lori ilikuwa imelala Grogan inauzwa vipande. Akanunua injini. Wikendi mbili, fundi huyu huyu, kazi imeisha. Hakumwambia mtu. Hata serikali hakuiambia, na hiyo ndiyo shida tutarudia baadaye.

Kwa hivyo ile Z niliyowauzia kama ushahidi wa usafi, kumbe ilikuwa na moyo wa gari ya shamba kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nilikasirika kwa siku tatu hivi. Halafu nikaanza kusoma, na vile nilizidi kusoma ndivyo nilizidi kuona aibu kwa yale niliyoandika. Kwa sababu ukiangalia vizuri, historia ya magari ya kasi hapa kwetu, hiyo hiyo tunayoita orijino, imejaa vitu vilivyobadilishwa, vilivyorithiwa na vilivyochomelewa.

Anza na Joginder Singh. Kila mtu anajua jina, wengi hawajui gari. Mwaka 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, na ile Volvo haikuwa mpya. Ilikuwa imeletwa na kiwanda kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, ikaumia, ikabaki huku. Joginder, ambaye alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva maarufu, akaichukua, wakaitengeneza, wakawashinda waliokuja na vyombo vipya. Mtumba. Ushindi mmoja mkubwa kabisa wa Safari uliletwa na mtumba uliofufuliwa Kenya.

Halafu Datsun. Edgar Herrmann alishinda 1970 kwa 1600 SSS, akashinda tena 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Mehta mzaliwa wa Uganda, akaja kukaa Kenya, na mwaka 1973 akashinda yeye mwenyewe kwa Z. Ile ya 1973 ni hadithi tamu: alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, maelfu ya kilomita za matope na vumbi halafu sare, ikabidi waangalie nani alikaa muda mrefu bila kupata adhabu. Ndio Mehta akapewa. Hizi ndizo mbio zilizofanya watu kama anko wangu, kijana wa shule wakati huo akisimama kando ya barabara na daftari, waape kwamba siku moja watamiliki Z.

Gari ya Herrmann ya 1971 iko Japani sasa, kwa mkusanyiko wa Nissan pale Zama, imekarabatiwa, inang'aa. Inafaa iwe huko. Lakini angalia tofauti: yao iko ndani ya jengo, na yetu zilibaki barabarani zikipeleka watoto shule na kubeba gunia la viazi kutoka Limuru. Gari inayofanya kazi huharibika. Na ikiharibika mahali spea hazipo, inapata kiungo cha jirani.

Mtu ataniambia, "Sawa, hiyo ni shida ya umaskini, viwanda vyenyewe havifanyi hivyo." Ati nini? Nissan wenyewe, gari ikiwa bado changa kabisa, 1969, walichukua injini ya S20 kutoka Skyline GT-R wakaiweka kwa Z wakaiita Z432. Peugeot nao: 504 Coupé ilitoka 1969 na silinda nne, halafu 1974 wakaipandishia V6 mpya waliyotengeneza pamoja na Renault na Volvo. Injini mpya kwa gari ya zamani, kiwandani, na barua ya mkurugenzi. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akaja huku na hiyo 504 V6 Coupé akashinda Safari. Hakuna mtu alimwita mwizi wa historia.

Na kuna moja naipenda zaidi. Afrika Kusini, mwanzo wa miaka ya sabini, jamaa anaitwa Basil Green alikuwa anachukua Ford Capri, anatoa V6 ya lita tatu, anaweka V8 ya Mustang ya lita tano. Akaziita Perana. Gereji ya mtu, si kiwanda cha Ulaya. Miaka arobaini baadaye, 2013, Ian Duncan wetu, yule aliyeshinda Safari ya 1994 kwa Celica, akaingia East African Safari Classic na Capri Perana akashinda. Mashindano ya magari ya kihistoria, yameshindwa na gari ambayo kama ningeiona Lavington ningeitukana.

Sasa turudi mjini, kwa sababu hii historia kwetu ina anwani.

Ukishuka River Road ukapita Kirinyaga Road, utaona maduka ya spea yamebanana mpaka huko chini karibu na mto. Kwa ramani ni Kirinyaga Road. Kwa midomo ya watu bado ni Grogan, kutoka jina la kikoloni la hiyo barabara. Na Grogan mwenyewe si mtu wa kusherehekea: Ewart Grogan, mlowezi, mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Jina la barabara likatolewa, likapewa jina la mlima. Lakini mafundi na wanunuzi wakaendelea kusema Grogan, na leo ukimwuliza kijana wa kuuza bering'i pale Grogan ni nani atakwambia ni mahali pa kupata injini. Nadhani hiyo ni kisasi kizuri kuliko sanamu kuvunjwa, lakini hiyo ni posti nyingine.

Pale Grogan ndipo kulikuwa na ile Patrol ya 1991. Halafu 1993 ikaja, leseni za kuingiza bidhaa zikaondolewa, na mambo yakafunguka. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Mombasa, na nyuma ya magari yakaja vipande vyake. Ndipo tukapata nosikati. Hiyo ni nusu ya mbele ya gari, imekatwa kule Japani kama mkate: injini, giaboksi, redieta, waya zote na kompyuta yake, wakati mwingine na taa na bampa. Japani ukaguzi wa magari ni ghali na ni wa mara kwa mara, kwa hivyo watu wanaachana na gari zikiwa bado na nguvu. Kile wao wanaona ni takataka, kwetu kinafika na injini yenye pumzi ya miaka mingine ishirini.

Nosikati ilibadilisha hesabu ya fundi kabisa. Kabla yake injini ikinoki ulifanya ovahol: unasaga kranki, unatafuta pistoni, unaweka bering'i, unaomba Mungu. Baada yake, mara nyingi ilikuwa nafuu kununua injini nzima ya eks-Japani kuliko kutengeneza yako. Ndio maana ukiangalia Land Rover za zamani zinazopanda Ngong utasikia dizeli ya Toyota au Isuzu ndani yake. Ndio maana 504 za mzigo ziliishi kuliko zilivyotakiwa. Hakuna aliyekuwa anatafuta sifa. Watu walitaka kufika.

Na kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi, na ndiyo ilinibadilisha mimi zaidi. Hewa. Nairobi iko juu ya bahari mita 1,700 hivi, na Limuru ni 2,200. Hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu yake hapa tu mjini, na karabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Ndio unaona Z nyingi hapa zinatoa moshi mweusi na kupiga misi asubuhi. Kitabu cha 240Z kinakwambia ina farasi 151. Hao farasi wote hawajawahi kufika Nairobi. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hivyo inarudisha kile mlima umekula. Kwa hivyo kijana wa Dagoretti Corner akiweka injini ya turbo kwa gari ya mwaka 1972, pengine yeye ndiye wa kwanza kuipa ile gari nguvu iliyoahidiwa na kitabu.

Hapo ndipo anaingia binamu yangu, binti ya anko. Anasomea umeme na anashinda gereji kuliko darasani. Anko anataka kumwachia hiyo gari akiwa bado hai, jina libadilishwe kabisa, kwa sababu ameona vile ndugu wanapigania vitu baada ya mazishi na hataki upuzi huo. Na pia macho yake yanaanza kumsaliti, daktari ameshamwambia kuendesha usiku basi. Anataka safari moja tu: kuteremka Naivasha kwa barabara ya chini, yeye usukani, kabla hajakabidhi funguo.

"Baba, mimi nataka RB25," binamu akasema.

RB25 ni nini? Ni mjukuu wa L. Mwaka 1985 Nissan walianza kuiweka RB kwa Skyline mahali pa L, na hii ya lita 2.5 yenye turbo ilikuja kwa Skyline ya 1993. Silinda sita mstari mmoja vile vile, lakini vali 24 badala ya 12, kamshafti mbili, na farasi 250 kwa hesabu ya Japani. Grogan kulikuwa na moja kutoka kwa Laurel, nosikati kamili.

Anko akamwangalia. "Mama, hiyo ni injini ya kompyuta. Ikizima Mai Mahiu utaongea na nani?"

"Na L28 ikizima utaongea na nani? Fundi ana miaka sabini na tano."

Fundi alikuwa hapo. Akacheka, akasema ni kweli.

Familia ikagawanyika, na sisemi kwa utani. Anko mwingine akapiga simu kutoka Nakuru kusema gari iuzwe kama ilivyo kwa Mzungu anayekusanya Z, pesa iende kwa matibabu ya macho. Mathe akaunga mkono. Na hiyo si hoja ya kijinga. Z imekuwa ghali duniani. Lakini hapo ndipo ile shida ya serikali iliporudi. Logibuku inasema injini namba L24 fulani. Bloku inasema L28. Huwezi kuuza hiyo gari kwa mtu mwenye akili, huwezi kuihamisha jina bila wasiwasi, na polisi akiamua kusoma namba, unaanza kueleza kwamba wewe si mwizi. Kubadilisha injini Kenya si kosa. Kosa ni kunyamaza. Unatakiwa kuripoti, siku hizi NTSA, gari ikaguliwe, uonyeshe karatasi za pale injini ilitoka, kisha namba mpya iingizwe. Anko mwaka 1991 hakufanya hata moja, na muuzaji wa Grogan hakumpa risiti. Miaka thelathini na kitu gari ilikuwa ikitembea na kitambulisho cha mtu mwingine.

Kwa hivyo wasee, kabla hujanunua hiyo nosikati: risiti. Iandikwe namba ya injini. Hifadhi mahali mathe wako hawezi kuitumia kuwashia jiko.

Sasa maoni yangu, kwa sababu ndio mnanifuatia.

Wale wanaosema injini isiguswe kamwe, nawaelewa nusu. Kuna Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, inaandaliwa na klabu ya Alfa Romeo, na nikienda nafurahi kuona gari imewekwa kama siku ilitoka dukani. Mtu lazima aziweke hivyo, la sivyo tutasahau zilivyokuwa. Lakini huo usafi unataka vitu: gereji yenye paa, gari nyingine ya kwenda kazini, na mtu Uingereza wa kukutumia gasketi. Ukifanya hiyo ndiyo sheria ya kila mtu, unasema historia ni ya wenye nyumba Karen, na sisi wengine tuangalie kwa ua. Pia kumbuka hatuwezi kuingiza gari nyingine ya zamani kirahisi. Sheria ya miaka minane, ile ya kiwango cha KEBS, inamaanisha Z zilizoko ndizo hizo hizo. Kijana wa leo anayeota Skyline ya 1993 hawezi kuileta. Anachoweza kupata ni injini yake. Ukiikataza hiyo pia, atafanya nini na ndoto? Atapanda matatu.

Lakini pia siko upande wa wale wa "weka yoyote bora ikimbie." Nimeona vijana wakikata ukuta wa mbele wa gari kwa grainda ili injini iingie, na breki ni zile zile za 1970. Hiyo ni kujiua polepole, na siku moja itakuwa haraka. Farasi 250 kwa gari yenye uzito wa tani moja hivi na breki za ngoma nyuma, ukiwa Southern Bypass na lori la mchanga mbele? Hapana. Ukibadilisha injini umebadilisha gari yote: breki, difu, redieta, bomba za petroli. Difu ya 240Z ni R180, ndogo, haitaki mchezo na turbo, unatafuta R200. Pampu ya petroli ya karabureta inasukuma kidogo tu, injini ya kompyuta inataka presha kubwa na bomba la kurudisha. Waya ndizo zinaua watu wengi kwa uvivu. Ukiona mtu amefunga waya za kompyuta kwa plasta nyeusi ya dukani, toka ndani ya hiyo gari.

Mpaka wangu mimi ni huu: usikate. Kama maunti imefungwa kwa bolti na inaweza kutolewa kwa bolti, mtu wa miaka thelathini ijayo anaweza kuirudisha vile alivyotaka. Ukikata chesisi, umemwamulia. Vile anko alifanya 1991, pamoja na uongo wake wote, hakukata kitu. Ndio maana sisi tuna cha kuchagua leo.

Huo mpaka niliupeleka kwa kikao cha familia, Jumapili, chai na mandazi. Binamu akakubali: RB25 inaingia, hakuna kukata, waya anafanya yeye mwenyewe, breki na difu kwanza kabla ya turbo kuguswa. Anko akakubali kwa masharti yake: giaboksi iwe ya mkono, kwa sababu iliyokuja na nosikati ni otomatiki na yeye hatakufa akiwa ameendesha Z ya otomatiki. Anko wa Nakuru hakukubali hadi leo. Anasema tumechoma pesa ya macho ya ndugu yake. Sijui nimjibu nini. Tulichanga ya kliniki tofauti, lakini najua ingekuwa rahisi zaidi kama gari ingeuzwa.

Halafu kikao kikiisha, fundi, ambaye alikuwa amealikwa kwa heshima na alikuwa ananyamaza akila mandazi, akauliza: "Na ile bloku ya kwanza mlipeleka wapi?"

Anko akafikiria. Akatuongoza nyuma ya nyumba, hadi pale lango dogo la kuku. Hilo lango limekuwa likizuiwa na jiwe kubwa jeusi tangu niwe mtoto. Nimelikalia. Nimevunjia njugu juu yake. Binamu akaleta maji na brashi ya waya, akasugua.

L24. Namba ikafuata, na anko akaenda ndani akarudi na logibuku iliyokunjwa mara nne. Tukasoma moja moja, binamu akisoma chuma, mimi nikisoma karatasi. Tarakimu zote zilikubaliana.

Ufa uko upande wa silinda ya tano, mrefu kama kidole changu. Fundi anasema haiponi. Binamu anasema kuna mtu Industrial Area anayeshona chuma cha namna hiyo, na hata asipoweza, ile sehemu yenye namba inakuja na sisi siku ya ukaguzi pamoja na risiti ya RB, ili aliye upande ule wa meza aone hadithi yote, kuanzia mwanzo. Anko amekubali kuandika kwa mkono wake yale yaliyotokea 1991. Kurasa mbili tayari. Ni mwalimu, hawezi kuandika kitu kifupi.

Kuku wamepata jiwe jingine. Injini imeshuka kwa gari wiki jana, inakaa kwa maunti zake, propela shafti bado iko kwa fundi wa kupima. Redieta inavuja upande wa kushoto. Naivasha anko amepanga Agosti, na ameshaanza kufua glavu zake za kuendeshea.